Nukta, Ukolevu na Sura ya Mtu: Juu ya Kusawazisha Mitambo ya Kutolea Filamu

Katika jumla ya kazi zinazokiwezesha kitabu au gazeti kumfikia msomaji, ile ifanywayo baina ya meza ya mhariri na mashine ya kuchapa ndiyo iliyoandikiwa kidogo mno kwa Kiswahili. Mwandishi hutajwa jaladani, mpigachapa hutajwa nyuma ya ukurasa wa jina, lakini fundi aliyetoa filamu ambazo kwazo mabamba yalitengenezwa hatajwi popote. Insha hii inaitazama sehemu moja tu ya kazi ya fundi huyo, nayo ni kuusawazisha mtambo wa kutolea filamu. Na inaitazama kwa jicho la lugha, kwa kuwa ugumu wa kuieleza kazi hiyo kwa Kiswahili unafichua mambo kadhaa kuhusu kazi yenyewe.

Hapana budi kuanza na nukta. Picha ya kamera ina weusi wa kila daraja, ilhali mashine ya kuchapa haijui kijivu: ama huweka wino, ama haiweki. Kwa hiyo picha huvunjwavunjwa kuwa nukta, kubwa penye giza na ndogo penye nuru, na jicho la msomaji huzichanganya lenyewe. Ukubwa wa nukta hutajwa kwa asilimia ya eneo inalolifunika. Wanaosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu wamezoea nukta yenye maana kamili, kwani nukta moja chini huipambanua *ba* na nukta mbili juu huipambanua *ta*. Nukta ya mpigachapa haina maana peke yake. Maana yake imo katika ukubwa wake na katika jirani zake, jambo ambalo mwanaisimu yeyote atalitambua mara moja.

Mitambo ya kutolea filamu ilienea katika miaka ya 1980, baada ya lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe kutolewa mwaka 1984 na kuunganishwa na mitambo ya Linotype. Mtambo wa Linotronic 300 uliweza kuchora vidoa 2540 vya leza katika inchi moja, yaani kila kidoa kina nafasi ya sehemu moja ya mia ya milimita. Nukta ya picha hujengwa kwa vidoa hivyo. Picha ikiwa na mistari 150 ya nukta kwa inchi, kila nukta hupewa uwanja wa vidoa takriban 17 kwa 17, na kompyuta huamua vipi vijazwe na vipi viachwe.

Asiyeijua kazi hii angedhani kwamba kompyuta ikiagiza asilimia 50, filamu itatoa asilimia 50. Sivyo. Kidoa cha leza ni duara wala si mraba, hivyo huvuka mpaka wa nafasi yake. Mwanga ukizidishwa, huvuka zaidi. Na dawa ya kusafishia filamu ikiwa na joto kupita kiasi, weusi huzidi kutanuka. Katika filamu chanya nusu iliyoagizwa huweza kutoka ikiwa 57. Katika filamu hasi, ambayo sehemu zake angavu ndizo picha, kosa lilo hilo huzifinya nukta na kuipausha picha. Mafundi wawili wameweza kubishana kutwa nzima kuhusu mtambo mmoja na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kipimo kinachotumika ni kile ambacho Kiswahili hakijakikubalia jina. Fizikia ya shuleni ina *densiti*, na wengine wamependekeza *msongamano*, neno linalofaa zaidi abiria kituoni kuliko weusi juu ya filamu. Lugha tayari inasema kwamba rangi *imekolea* au *imekoza*. Basi *ukolevu* ungetosha, na ndilo neno linalotumiwa hapa. Ukolevu huhesabiwa kwa logi ya msingi wa kumi. Ukolevu wa 1.0 huruhusu sehemu moja katika kumi ya mwanga kupita, 2.0 sehemu moja katika mia, na 4.0 sehemu moja katika elfu kumi. Weusi kamili wa filamu hutakiwa kufika takriban 3.5 au zaidi, ili usiuachie mwanga wa kuchomea bamba upenye mahali usipotakiwa. Kutokana na ukolevu huohuo hupatikana asilimia ya nukta, kwa kanuni inayoitwa Murray-Davies, iliyochapishwa mwaka 1936: ukolevu wa 0.30 juu ya ule wa filamu tupu ni nusu, yaani asilimia 50, wa 0.60 ni 75, wa 1.0 ni 90.

Kazi yenyewe huenda kwa utaratibu usioweza kupinduliwa. Kwanza dawa hutulizwa katika joto lake, aghalabu karibu na nyuzi 35 za Selsiasi, na muda wa kupita filamu huthibitishwa. Kisha nguvu ya leza hupandishwa hatua kwa hatua hadi weusi kamili ufikiwe, wala usivukwe sana, kwa kuwa ziada hailipi ila kwa kuzivimbisha nukta. Ndipo hutolewa ukanda wa viraba kutoka 0 hadi 100. Kila kiraba hupimwa kwa densitomita, masomo huingizwa katika programu, na programu huunda mchirizo wa kurekebisha: ikiwa 50 hutoka 57, siku ya pili mtambo utaagizwa pungufu kidogo ili 50 itoke 50. Ukanda hutolewa tena. Tofauti isiyozidi asilimia 2 hukubaliwa na wengi.

Ni nini basi kinachopotea kazi hii isipofanywa? Jibu limo katika kurasa za tanzia. Katika magazeti ya Afrika Mashariki tangazo la kifo huambatana na picha ya marehemu, na mara nyingi picha hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho ya mtu huyo kuchapwa. Karatasi ya gazeti hunywa wino, na nukta ya 50 huweza kuonekana kama 80. Sasa sura ya mtu mweupe huangukia zaidi katika nukta ndogo na za wastani. Ikiongezewa giza, hubaki sura iliyofifia kidogo. Sura ya mtu mweusi huishi katika nukta kubwa, pale ambapo kati ya nukta na nukta pamebaki upenyo mwembamba tu wa karatasi. Mtambo ukiongeza hata asilimia 4 au 5 hapo, kabla ya karatasi kuongeza yake, upenyo huziba. Shavu, taya na kivuli cha jicho huwa kitu kimoja, na jamaa hukata tangazo lenye doa jeusi wakalihifadhi kama kumbukumbu.

Kosa moja la mtambo, kwa hiyo, haliwaangukii watu wote sawasawa. Katika upigaji picha jambo hili limejadiliwa sana: kadi za majaribio za Kodak, zilizojulikana kwa jina la Shirley, kwa miaka mingi zilimwonyesha mwanamke mweupe, na rangi zilipimwa kwa ngozi yake. Ukanda wa viraba hauna sura ya mtu, na kwa hilo unaonekana kutopendelea. Lakini fundi mwenye haraka hupima kiraba cha 50 peke yake, akakiona kimekaa sawa, akaenda zake. Viraba vya 80, 85, 90 na 95, ambavyo ndivyo vilivyobeba nyuso za wasomaji wake, havikupimwa. Huo ni upendeleo, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Lipo kosa jingine, lenye nia njema zaidi. Fundi akijua kwamba karatasi ya gazeti itazivimbisha nukta, hushawishika kuzipunguza papo hapo katika kuusawazisha mtambo, ili mambo mawili yamalizwe kwa pigo moja. Wanaofundisha kazi hii hukataza, nao wana haki. Filamu itoe kile ilichoagizwa. Marekebisho ya karatasi na mashine yawekwe mahali pake, peke yake, yakiwa na jina lake. Mkusanya lahaja anaijua hoja hii kwa njia nyingine. Mtafiti anayerekodi usemi wa mzee wa Pemba au wa Mtang'ata, huku akiusanifisha palepale anapouandika, huishia na daftari lisilo la lahaja wala la Kiswahili sanifu, na baadaye hakuna awezaye kujua ni lipi alilisema mzee na ni lipi lililotiwa na kalamu. Vivyo hivyo, sura ikitoka nyeusi tii gazetini, fundi wa filamu humlaumu mwendesha mashine, naye mwendesha mashine humrudishia lawama. Penye vipimo viwili vilivyotenganishwa, ugomvi huo huamuliwa kwa dakika chache.

Picha za rangi huongeza shida kwa hesabu ya filamu nne. Tofauti ya asilimia 3 katika filamu ya magenta peke yake hutosha kuifanya ngozi ya kahawia iwe na wekundu wa homa, ndiyo maana filamu nne za picha moja zapaswa kutoka siku moja, katika dawa moja.

Na dawa ndiyo isiyotulia. Huchoka kwa kutumiwa, tena huchoka kwa kukaa tu ikiguswa na hewa, hata usawazisho wa Jumatatu usiwe kweli siku ya Alhamisi. Kiswahili cha mitaani huiita kazi ya dawa hii *kusafisha*: picha husafishwa, filamu husafishwa. Wapo wanaoliona neno hili la ovyo, kwa kuwa filamu haikuwa chafu. Hawajaifikiria sana filamu. Fuwele za fedha zisizopigwa na mwanga huondoshwa kweli, na dawa isipoziondosha zote hubaki ukungu ambao densitomita huuona mara moja.

Tangu miaka ya 1990, mitambo ichomayo bamba moja kwa moja kutoka kompyuta imeiondoa filamu katika viwanda vingi vya vitabu na magazeti. Filamu imebaki zaidi kwa wachapaji wa skrini, wanaoitoa kwa printa ya wino ili kuchapa fulana na mabango. Wino wa printa haufikii kwa wepesi weusi wa fedha, na skrini hupoteza nukta ndogo sana kabla ya kitu kingine chochote, hivyo mchapaji wa fulana ana haja na ukanda wa viraba kuliko alivyokuwa nayo fundi wa gazeti. Mabamba ya moja kwa moja nayo hupimwa kwa ukanda uleule wa 0 hadi 100, ingawa chombo chake sasa ni kamera ndogo izipigayo picha nukta na kuzihesabu. Mengi kati ya mabamba hayo bado hupitishwa katika dawa, na *kusafisha* linatosha kwa hayo pia. Neno la *kusawazisha* ndilo ambalo halijaingizwa kwa maana hii katika orodha ya istilahi, na *ukolevu* halijaanza kuzungumzwa.