Bukavu: kompyuta inaomba udongo wa Funu

Hapa Bukavu mtu akisema kwamba udongo unatembea, hakuna anayecheka. Kule Funu, Kadutu, nimeona milango isiyofungika tena, ngazi zilizoachana na nyumba, mabomba ya maji yaliyovutwa mpaka yakakatika. Kila msimu wa mvua redio inanituma huko, na wakaaji wananiuliza swali moja: "Papa mwandishi, hii nyumba itaanguka ao haitaanguka?"

Swali hilo nililipeleka kwa kijana mmoja aliyesomea ujenzi, mwenye kuchora milima ndani ya kompyuta. Akanionyesha tarakimu moja tu. Anachukua nguvu za udongo za kujishikilia, anazigawa kwa nguvu zinazouvuta chini. Jibu likiwa juu ya 1, mteremko unasimama. Likishuka chini ya 1, unaenda. Mlima unaweza kukatika kwa njia nyingi, na kompyuta inazijaribu mpaka ipate ile iliyo dhaifu kuliko zote.

Halafu akanieleza habari ya maji. Udongo wetu mwekundu ukiwa na unyevu kidogo, maji yale machache yanavuta chembe zake zishikamane. Ndiyo sababu tunaukata wima kama ukuta ili kupata kiwanja, na unasimama hata miezi. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, nafasi kati ya chembe zinajaa, mvuto unapotea, uzito unaongezeka. Kijana akapandisha maji ndani ya mlima wake, kwa kidole, bila kugusa kitu kingine. Tarakimu ikapita chini ya 1. Nje mvua ilikuwa inanyesha, basi sikuipenda sana picha ile.

Nikamuuliza: tarakimu za udongo umezitoa wapi? Nyingine vitabuni, akasema, sababu kuchimba shimo refu na kupima udongo kwenye maabara kuna bei. Hapo ndipo penye shida. Elimu hiyo ilianza kwa udongo wa nchi za baridi. Wetu ni mawe ya volkano yaliyooza papo hapo kwa muda mrefu sana, na ukihama mita chache tu unakuta mwingine. Kompyuta haiwezi kukisia hayo.

Tena maji yenyewe si ya mvua peke yake. Mwaka 2022 watafiti waliolinganisha picha za zamani za ndege na zile za setilaiti walionyesha kwamba mji wenyewe umeongeza mwendo wa Funu: nyumba, barabara, maji yasiyo na njia nzuri, mabomba yanayovuja. Kwangu hiyo ni habari nzuri kidogo, maana mfereji unaweza kuchimbwa. Mvua haizuiliki. Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi, tarafa ya Kalehe, zaidi ya watu 400 walikufa, na sisi wa redio tulifika kuhesabu.

Tangu hapo ninauliza kila mwenye kuuza kiwanja mlimani kama mnunuzi amewahi kumwomba apimishe udongo. Wananionyesha karatasi, wananionyesha mipaka. Mmoja alichukua donge, akalifinya mkononi, akaniambia: "Ona, ni mgumu." Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi.