Guu la Meza

Mtu hujifunza zaidi kwa kazi iliyomharibikia kuliko kwa ile iliyomnyokea. Nasema hivi kwa sababu ya meza moja niliyoiunda mwenyewe katika shule ninayofundisha, karibu na Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya.

Shule yetu ilipewa mashine kuukuu ya fotokopi, yenye uzito wa kilo 70. Ilihitaji meza imara. Katika chuo cha ualimu nilisoma hesabu za mizigo na nguvu, basi nikajiona fundi. Nilitwaa mbao za mnazi uliokoma kuzaa, nikaziunga kwa misumari siku moja. Jirani yangu, mzee seremala, alipita akaitazama. Akasema, "Mwalimu, meza hii inasimama, lakini bado haijabeba." Nilimshukuru kwa adabu, moyoni nikamcheka.

Siku ya pili mashine ilipandishwa. Mwanafunzi mmoja aliingia chini ya meza kuchomeka waya wa umeme, akatoka. Kabla sijamwambia ahsante meza iliyumba, guu likavunjika, na mashine ikaanguka pale pale alipokuwa amepiga magoti. Hakuumia, lakini usiku ule sikupata usingizi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: methali hii nimeifundisha mara nyingi. Siku ile guu lilikuwa la meza, nalo lingaliweza kuwa la mtoto wa watu.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Hakunisuta. Alilishika guu lile, akanionyesha kuwa nilitumia kiini cha mnazi, ambacho ni laini. Ugumu wake u karibu na ganda, hasa upande wa shina. Kisha alinifunza mambo mawili. Kwanza, mzigo usining'inie kwenye msumari, ambao hewa ya bahari huula kwa kutu, bali ukalie mti wenyewe: alichonga ulimi kwenye ubao na tundu kwenye guu, vikashikana. Pili, alitia mbao za mshazari kati ya miguu. Wewe msomaji, twaa vijiti vinne, uvifunge viwe mraba, uvisukume: vitalala upande. Ongeza cha tano kutoka pembe hadi pembe, navyo vitakaza, maana pembetatu haigeuki umbo ila kijiti kivunjike au fundo lifunguke.

Tulifanya kazi siku nne. Mashine iliporudi kutoka kwa fundi wa Ukunda, sikukubali ipandishwe kabla hatujaketi juu ya meza, mimi na walimu wenzangu wawili, huku mzee akiisukuma kwa bega. Haikutikisika.

Guu lililovunjika nimelitundika darasani. Wanafunzi wapya huniuliza ni la nini, nami huwaeleza yote, bila ya kuwaficha jina la aliyeliunda.