Nyumba Isiyo na Pembe

Mpwa wangu amepanga bedsita Eastleigh, na tangu apange simu yangu haina nafasi tena kwa picha zake. Ukutani amebandika karatasi ya maua ya waridi madogomadogo. Juu ya kitanda amening'iniza majani ya plastiki yanayotambaa, katikati yake taa ndogondogo za waya. Kwenye skrini ya televisheni kuna video ya moto unaowaka jikoni kwa mtu mwingine, saa nane za kuni zisizoisha. Mtindo huu, anasema, ni wa vibanda vya mashambani vya Uingereza, na ndio unaofaa chumba kidogo. Juzi akaniuliza mimi shangazi yake, bila nia mbaya, "Eddo, ayeyo alikuwa anapamba ukuta wake kwa kitu gani? Ama zamani hamkuwa na mambo hayo huko nyumbani Banissa?"

Nikamwambia ayeyo, bibi yetu, hakuwa na ukuta. Akacheka, akadhani nimeshamjibu.

Ayeyo alikuwa na herio, na herio ni chumba kimoja kidogo kuliko hiyo bedsita, kisichokuwa na pembe hata moja. Ilikuwa nyumba ya mwanamke tangu msumari wa kwanza, ila msumari wenyewe haukuwamo. Mwanamume alileta ngamia. Mama wa binti na jamaa zake wa kike ndio walioleta nyumba, kila mmoja na mkeka wake, na mikeka mingine ilianza kusukwa binti akiwa bado anachunga wana-mbuzi. Mume na mke wakija kugombana, anayejua atalala wapi usiku huo ni mke.

Mbavu za herio zilikuwa mizizi mirefu ya migunga, iliyochimbwa ikapindwa ikiwa mibichi na kufungwa mpaka ikakaukia katika upinde. Siku ya kuhama mbavu hizohizo zilifungwa mgongoni mwa ngamia zikawa tandiko, mikeka ikawa shogi, vyombo vikaning'inizwa pembeni, na mtoto mdogo akapandishwa juu ya yote. Nyumba ilivunjwa alfajiri, na jioni ilisimama mahali pengine ikiwa ileile, kila kitu kikiwa upande wake uleule. Nililala nikiwa mtoto katika makambi ambayo sijui hata majina yake, na usiku wa giza sikuwahi kupapasa kutafuta kata ya maji.

Mikeka ya paa ilitoka kwenye mti wa galol. Gome lake la ndani lilichunwa vipande virefu, kisha likatafunwa. Ndiyo, kwa meno. Wanawake walikaa kivulini mashavu yamewavimba, wakitafuna mpaka gome likalainika likawa nyuzi, na ukakasi wake ulikaa mdomoni siku nzima hata chai haikuwa na ladha. Nyuzi zikasokotwa, zikasukwa mkeka mnene ambao upande wa nje ulikuwa na manyoya ya nyuzi ili mvua iteleze, na upande wa ndani ulikuwa laini, na michoro. Huo upande wa ndani ndio jibu la swali la mpwa wangu. Mpita njia aliona rundo lenye manyoya porini. Aliyealikwa ndani ndiye aliyeona kazi ya mkono. Leo mambo yamegeuka: geti limepakwa rangi ya dhahabu, na ndani ni kochi lililofunikwa nailoni la duka ili lisichakae.

Ndani kulikuwa na kiambaza cha fito nyembamba zilizopangwa sambamba na kufungwa kwa ngozi na nyuzi za rangi, kinachotenga kitanda. Nyuma yake vilining'inia vyombo vya maziwa, vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi kwa kubana hata tone lisipite. Kimoja kilikuwa na kete. Nilipofika Mombasa mara ya kwanza, chuo cha ualimu kimefungwa na mimi ni msichana wa kujitia ujuzi, niliona kete zimemwagwa kwenye meza ya wauza mapambo nikabaki nimeduwaa. Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba zile ni mbegu za mti fulani wa upande wa Ethiopia. Bahari ilikuwa nyumbani kwetu, imeshonwa kwenye chombo cha maziwa, kabla sijajua bahari ni nini.

Chombo cha maziwa kilifukizwa. Ayeyo alichukua kijinga cha moto cha mti anaoujua yeye, akakizungusha ndani ya chombo, akafunika. Maziwa ya ngamia yaliyokaa humo yalikuwa na harufu ya moshi, na kwa hiyo nyumba, mikeka, nguo zetu na nywele za ayeyo vyote vilinukia moshi huo mmoja. Juu ya moshi huo ilipanda harufu ya pili, unsi, ambayo ilikuwa ya jioni. Nchi yetu haina mazao mengi ya kujivunia, lakini ina sandarusi za kila namna: ubani unaochuruzika kwenye miti yenyewe, manemane, na ile wanayoiita hagar ambayo wachungaji huiokota wakiwa nyuma ya mifugo. Ayeyo alitwanga alichonacho. Akachemsha sukari kwa maji kidogo mpaka ikawa asali nzito, akamimina humo unga wa sandarusi na matone ya atari, akakoroga haraka, akaimwaga kwenye sinia ipoe, kisha akaivunja vipande kwa mchi. Kipande cha ukubwa wa ukucha kilitosha. Chetezo chake kilikuwa cha jiwe jeupe jepesi la Eel Buur, kule Somalia, ambako mawe hayo huchongwa. Kilikuwa na ufa uliofungwa kwa waya, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mgeni alijua amekaribishwa pale chetezo kilipowekwa mbele yake. Kabla ya hapo alikuwa amekaa tu.

Nimenunua unsi wa madukani, uliofungwa kwenye mkebe wenye picha ya kasri. Unanukia duka.

Sasa niseme juu ya mtu mmoja ambaye ndiye, kwa maoni yangu, aliyeanzisha vya madukani nyumbani mwetu, ingawa angekataa. Alikuwa mwenye duka. Duka lenyewe lilikuwa udongo na fito, na kaunta ya masanduku ya chai, na yeye alikaa nyuma yake kwenye kiti ambacho mguu mmoja ulikuwa tofali. Aliuza sukari, majani ya chai, tumbaku, betri, sindano za kushonea magunia, na vitambaa. Kwenye vitambaa ndipo alipokuwa mtu mwingine. Sukari aliipima bila kukuangalia. Kitambaa alikitandaza chote, hata kama unataka dhiraa moja, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakikunja pembeni uone kinavyoanguka. Alikuwa na maoni. Alimkatalia mama yangu kitambaa cha kijani akisema kijani ndani ya nyumba yenye moshi kitakuwa rangi ya ini kabla ya mvua kunyesha. Akamuuzia chekundu, na chekundu kile kilidumu hadi nilipoolewa. Wanawake walimtukana kwa bei zake, kisha wakarudi. Alikopesha mpaka mvua, na daftari lake liliandikwa kwa Kiarabu ambacho yeye peke yake alikisoma, kwa hiyo deni lilikuwa vile anavyosema. Nadhani hakuwahi kuiba. Nadhani pia hakuwahi kusahau.

Yeye ndiye aliyeleta mkeka wa plastiki. Ulikuwa wa bluu na nyeupe, na michoro ya misikiti. Ulipomwagikiwa chai, uliufuta kwa kitambaa. Haukutaka kutafunwa. Ulikunjwa ukawa mwepesi kuliko mtoto wa mbuzi, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko kazi ya msimu mzima wa mwanamke mmoja. Shangazi yangu aliununua wa kwanza, tukaenda kuutazama kama watu wanaokwenda kutazama mzazi. Nani angemlaumu? Wanaoililia mikeka ya galol leo, na mimi nimo, meno yao yana afya kwa sababu mama zao walinunua plastiki.

Mwaka gani? Mimi nilikuwa na hakika ni 1979. Kaka yangu anasema haiwezekani, kwamba barabara ilikuwa haipitiki na kwamba mkeka ule ulikuja baada ya ukame wa 1984, watu walipopoteza ngamia na kusogea karibu na soko. Dada yetu mkubwa, ambaye kumbukumbu yake ni bora kuliko zetu, anasema sote wawili tunachanganya mkeka na redio. Basi, tuliacha hapo.

Lakini ukame ndio uliotuleta kwenye pembe. Asiye na ngamia hana wa kumbebea nyumba, na nyumba isiyobebwa huanza kuoza miguuni. Baba alijenga chumba cha mraba, udongo kwa fito, mabati juu, na mlango wa makopo ya mafuta ya msaada yaliyopondwa yakawa bapa, maandishi ya Marekani yakiwa kichwa chini. Mama aliingia akasimama katikati. Pembe nne zilimshinda. Katika herio kila kitu kilining'inia kwenye mzunguko na mkono ulikifikia. Hapa vumbi liliingia pembeni likakaa, nge wakajua pa kujificha, na mabati saa saba mchana yalilia kwa joto. Akafanya alilolijua. Alishona vitambaa vya yule mwenye duka, akavitundika kuzunguka kuta zote, akashusha kingine chini ya mabati kiwe dari, na kwenye pembe akakiacha kilegee, mpaka ukikaa ndani hukuona pembe wala bati. Alikuwa amejenga herio ndani ya chumba cha mraba, akachoma unsi, na usiku huo ndipo alipolala.

Majirani walifanya vivyo hivyo. Banissa ya utoto wa wanangu ilikuwa mabati nje na hariri ya bandia ndani.

Baadaye mambo yalikwenda mbio na sina subira nayo. Yaliyotokea ng'ambo ya mpaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, kila mtu anayajua. Garissa Lodge pale Eastleigh ikaacha kuwa ya kulaza wageni ikawa ya kuuza bidhaa, na mizigo ya Dubai ikatufikia kwa lori: mazulia mazito, mapazia ya tabaka tatu, mito ya kuegemea ya kuzungusha sebule nzima. Ikaja sofa. Vikaja vitambaa vyeupe vya kufuma, vya kuwekwa mgongoni mwa sofa, ambavyo tuliviiga kutoka kwa walimu wenzetu wa bara. Ikaja kaunti, yakaja maghorofa. Miaka mibaya ya 2020 hadi 2022, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, familia zilizobaki na herio pembeni mwa mji zikawa zinaziba paa kwa turubai na magunia. Mbavu bado zilikuwa zile za mizizi. Ukipita ungeona maandishi ya mashirika mgongoni mwa nyumba, lakini ukiinama kuingia, vyombo bado vimening'inia mahali pake.

Wageni ndio waliotuandikia. Labelle Prussin alichapisha 1995 kitabu kikubwa juu ya nyumba za wahamaji wa Afrika, akaonyesha kwamba wajenzi wake ni wanawake, Wasomali, Wagabra na Warendille wakiwamo. Shuleni kwetu, katika miaka yangu yote ya kufundisha, picha ya "nyumba bora" kitabuni ilikuwa ya mraba na bomba la moshi, na mimi ndiye niliyeichora ubaoni.

Nami nimesoma kidogo kuhusu vile vibanda vya Kiingereza. Vilikuwa vya vibarua wa mashamba: dari ya chini ili joto lisitoroke, fito na udongo, nyasi juu, watoto sita chumba kimoja. Wangepewa nafasi wangehama. Waliovipenda ni watu wa mjini wa karne ya 19 waliochoshwa na viwanda, William Morris na wenzake waliosifu kazi ya mkono, na juzi tu, 2020, dunia nzima ikiwa imefungiwa ndani, vijana wakavipenda upya kwa simu. Simlaumu mpwa wangu kwa kupenda kibanda cha maskini. Ninachomlaumu ni kwamba amechagua maskini wa mbali, akanunua majani ya plastiki ya nchi ambako hajawahi kulowa mvua, na bado ananiomba nimtumie kile chombo chenye kete akiweke kwenye rafu "kwa sababu kinaendana."

Hakiendani. Na sikitumi, kwa sababu kwenye rafu kitapasuka. Kile kinataka kufukizwa na kutiwa maziwa. Nimemwambia kitu kingine. Ang'oe karatasi ya waridi, mwenye nyumba atamdai rangi hata hivyo. Atundike kitambaa kuzunguka chumba kizima, akilegeze pembeni. Sufuria na mwiko avining'inize mkono unapofika. Moto wa televisheni auzime.

Mkeka ni lazima auagize. Wasukaji wa galol ninaowajua huku wote wameshaitwa ayeyo na wajukuu wao, na bei wanayotaka haizidi sana ya karatasi ya maua na taa za waya. Nanyi wengine wenye chumba kimoja Nairobi au Garissa, mkiwa na jamaa huku, ulizeni na mtume pesa kwanza, maana kazi ni ya msimu mzima. Agizeni sasa, wasukaji wangali na meno.