Kompyuta Iliyogoma Asubuhi: Kumbukumbu ya Kutafuta Hitilafu huko West Side, Buffalo

Hitilafu inayokuja na kwenda humsumbua fundi kuliko hitilafu ya kudumu, kwa kuwa kifaa kilichokufa kabisa hukubali kupimwa saa yoyote, ilhali kifaa kinachogoma leo na kuwaka kesho humnyima fundi dalili pale pale anapoihitaji. Kwa kompyuta ya mezani iliyoundwa nyumbani, yaani ile ambayo mwenyewe amekusanya sehemu mojamoja na kuzifunga kwa bisibisi ndani ya kasha, tatizo hilo huwa zito zaidi, maana hakuna kiwanda kilichozijaribu sehemu hizo kwa pamoja kabla hazijaanza kutumika. Kumbukumbu hizi zinahusu mashine moja ya namna hiyo, iliyoundwa mwaka 2021 katika nyumba ya kupanga ya West Side, upande wa magharibi wa jiji la Buffalo, jimboni New York, Marekani, na zinafuatilia jinsi utafutaji wa ugonjwa wake ulivyogeuka kutoka ustadi wa vibanda vya mafundi wa Kariakoo ukawa kazi ya daftari.

Inafaa kueleza kwanza kinachotokea kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa. Tangu Intel ilipotoa mwaka 1995 kanuni ya ujenzi iitwayo ATX, kompyuta ya mezani huwa haizimiki kabisa maadamu kebo yake imechomekwa: pawasaplai, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3, huendelea kutoa mkondo mdogo wa volti 5, ambao hapa utaitwa umeme wa kusubiri. Kitufe hakiunganishi umeme mkubwa. Hupeleka ombi tu kwenye ubaomama, ambao mafundi huuita madabodi, nao kwa nguvu za umeme wa kusubiri huiamuru pawasaplai iamke. Volti zake zikishatulia karibu na kiwango chake, pawasaplai hungoja kati ya milisekunde 100 na 500, kisha hutuma ishara kwamba umeme uko timamu, na hapo ndipo prosesa huruhusiwa kuanza kazi. Mlolongo huu hupita upesi kiasi kwamba mtumiaji huuona kama tendo moja, na ndiyo maana unapokatika hajui umekatikia wapi.

Katika vibanda vya mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambako mwandishi alijifunza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, sikio lilikuwa chombo cha kwanza. Kompyuta hujikagua zenyewe zinapowaka, tangu ile ya IBM ya mwaka 1981, na za wakati huo zilikuwa na spika ndogo iliyotoa mlio mmoja mfupi mambo yakiwa sawa, au mfululizo wa milio endapo kumbukumbu (RAM) imekosekana au kadi ya picha imegoma. Chombo cha pili kilikuwa droo. Humo mlikaa pawasaplai, vijiti vya RAM na kadi zilizotolewa kwenye mashine za mitumba, kila kimoja kikijulikana kuwa kizima, na utambuzi ulikuwa kubadilisha kimoja baada ya kingine hadi mashine iwake. Miaka hiyo pia ilikuwa ya kapasita mbovu: kapasita, yaani vikopo vidogo vinavyotunza chaji na kulainisha umeme, zilitoka viwandani na majimaji yenye kasoro ndani yake, zikavimba vichwa na kuvuja katika mbaomama nyingi duniani, na mafundi wakawa wanaziondoa na kulehemu nyingine. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 uliongeza somo jingine, la kuchomoa kila kifaa ukutani kabla ya kulala, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo huunguza. Tabia hiyo ilivuka bahari pamoja na mwenye nayo.

Buffalo ina historia ndefu ya umeme, kwa kuwa Novemba 1896 ilianza kupokea umeme uliozalishwa kwa maporomoko ya Niagara, tukio lililoonyesha ulimwengu kwamba mkondo geu unaweza kusafirishwa mbali na kuendesha jiji. Nyumba za mbao za West Side nyingi ni za zama zinazokaribia hizo, na leo wanaishi humo, miongoni mwa wengine, Wakongo na Warundi ambao baadhi yao walipitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Katika barabara ya Grant, ambako soko la West Side Bazaar lilianzia mwaka 2011, Kiswahili si lugha ya kushangaza. Kilichokosekana hapo kwa fundi wa Kariakoo ni droo. Duka la Micro Center, linalojulikana sana kwa wajenzi wa kompyuta, lilianzishwa Columbus mwaka 1979 na lina matawi Ohio, lakini hata lile la viungani mwa Cleveland liko karibu kilomita 300 kutoka Buffalo. Kilichobaki ni kuagiza kwa posta, na vifurushi vingi vya ndege vya kampuni ya UPS hupitia Louisville, katika kituo cha Worldport. Kifurushi kinafika, ndiyo, lakini mtu mwenye mashine moja na mshahara mmoja hawezi kuagiza kila sehemu ili tu kujua ipi ni mbovu.

Tarehe 23 Desemba 2022 ilianza dhoruba ya theluji iliyoua makumi ya watu katika eneo la Buffalo na kuzikatia umeme maelfu ya nyumba. Juma lililofuata, kompyuta ilianza kugoma. Asubuhi fulani feni zilizunguka mara moja zikasimama, nyingine hapakuwa na dalili yoyote, na baada ya kubonyeza mara kadhaa mashine iliwaka na kufanya kazi kutwa nzima bila kosa. Dhoruba ikawa mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa ilitangulia. Kisha kumbukumbu, kwa kuwa ndiyo mshukiwa wa desturi. Vijiti vilitolewa, meno yake ya shaba yakasuguliwa kwa raba, vikarudishwa, na mashine ikawaka asubuhi tatu mfululizo kabla ya kugoma tena. Betri ya volti 3 inayotunza mipangilio ya ubaomama ilibadilishwa, zikafuata asubuhi mbili njema. Ubaomama wenyewe ulifunguliwa ili kuona kama kuna nguzo ya shaba iliyozidi chini yake na kugusa mahali pasipostahili, haikuwepo. Programu ya kupima kumbukumbu ilikesha usiku kucha bila kukuta kosa hata moja, jambo lililotuliza moyo hadi ilipodhihirika kwamba kipimo hicho kiliweza kuanza tu pale mashine ilipokuwa imekwisha kuwaka, yaani kiliikagua siku za afya peke yake. Hapa ndipo ugumu wa hitilafu hizi ulipo: kila tiba hufuatwa na nafuu, kwa sababu nafuu ingekuja hata bila tiba.

Daftari lilianza Januari 2023, baada ya matengenezo ya uongo kuchosha. Kila asubuhi iliandikwa saa, joto la chumba, idadi ya mara kitufe kilipobonyezwa, na kama ekstensheni inayoilisha kompyuta umeme ilizimwa usiku. Safu hiyo ya mwisho iliongezwa kwa kujaza nafasi tu. Baada ya majuma mawili ilionekana kwamba migomo yote iliangukia siku za baridi, kipima joto cha kupasha nyumba kikiwa kimeshushwa usiku ili kupunguza bili ya gesi. Lakini pia yote ilifuata usiku ambao ekstensheni ilizimwa, na kwa kuwa ilizimwa karibu kila usiku kwa mazoea yale ya mgao, sababu hizo mbili zilikuwa zimeshikana. Ilibidi zitenganishwe. Kwa juma moja chumba kiliachwa na baridi lakini ekstensheni ikabaki imewashwa, na mashine haikugoma hata mara moja. Kwa juma jingine ekstensheni ilizimwa lakini chumba kikapashwa joto, nayo ikawaka pia. Baridi peke yake haikutosha, wala kuzimwa peke yake.

Maelezo yake yalipatikana kwenye sehemu ambayo haikuwa imeguswa. Pawasaplai ilikuwa ya mitumba, iliyohamishwa kutoka mashine ya zamani. Majimaji ya kapasita hukauka kadiri miaka inavyopita, na katika baridi hupitisha umeme kwa shida zaidi, hivyo upinzani wa ndani hupanda. Pawasaplai ikibaki imechomekwa, sakiti ya umeme wa kusubiri hujipasha yenyewe usiku kucha na kapasita dhaifu huweza kumudu. Ikizimwa ukutani katika chumba cha baridi, huamka ikiwa ganzi. Multimita iliyowekwa kwenye waya wa zambarau, ambao ndio hubeba umeme huo, ilionyesha volti zikishuka chini ya 4.75 kila kitufe kilipobonyezwa katika asubuhi za aina hiyo. Kisanduku hakikufunguliwa, na hakipaswi kufunguliwa na asiye na mafunzo, kwa sababu kapasita yake kubwa huweza kushika mamia ya volti hata baada ya kebo kuchomolewa. Kilinunuliwa kingine, kikajaribiwa makusudi kwa baridi na kwa kuzimwa hadi majira ya kuchipua, na safu ya migomo ikabaki tupu.

Spika ya milio haimo tena katika makasha mengi. Badala yake mbaomama za leo nyingi zina taa nne ndogo, moja kwa prosesa, moja kwa kumbukumbu, moja kwa picha na moja kwa diski, na iliyobaki ikiwaka huonyesha hatua iliyoshindikana. Ni msaada mkubwa, na vijana wa mtaani huzisoma bila kufundishwa. Lakini taa hizo nazo huhitaji umeme uwepo ndipo ziwake, na katika asubuhi zile za Januari hakuna hata moja iliyowaka. Kijana wa jirani alipoleta mashine yake iliyogoma, majira ya baridi yaliyofuata, hakuulizwa kwanza taa gani iliwaka. Aliulizwa chumba chake kina joto gani usiku, na kama huwa anazima ekstensheni kabla ya kulala. Alijibu kwamba huzima, kwa sababu ndivyo mama yake alivyomfundisha.