Chapati Yetu na Chapati ya Wenyewe

Hapa Mau Narok, ambako tunasomesha watoto kwa mwaka wa sita sasa, baridi humfanya mtu asishibe. Ngano imezunguka pande zote, viazi havina hesabu, na chapati haikosekani. Sisi tuliotoka pwani tulinenepa hata kuinuka kutoka sijda kukawa kazi.

Mama watoto, ambaye ana kisukari, alitupita kwa unene. Nasi, kwa kujiona wajuzi, tukamwambia aache wanga wote: wali, chapati, viazi, hata uji. Akatii, huku akimeza vidonge vyake kama kawaida. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, tulimkuta jikoni jasho jembamba likimtoka, mikono inatetemeka, maneno hayashikani. Jirani ndiye aliyewahi kumnywesha chai yenye sukari nyingi. Daktari alitueleza kuwa baadhi ya dawa huendelea kushusha sukari hata kama mgonjwa hakula, na kwamba hakuna wa kubadili mlo wake bila dawa nazo kuangaliwa. Kosa lilikuwa letu, si lake.

Baadaye tulialikwa Nakuru na bibi mmoja wa Kihindi, Muislamu mwenzetu, na sahani yake ikatufunza. Chapati ya nyumbani kwa Wahindi wengi ni nyembamba, ya unga wa atta usiokobolewa, huokwa juu ya tawa kavu. Sisi tuliyoipokea kwao tumeinenepesha: unga mweupe, samli ndani, mafuta juu. Gramu 1 ya wanga ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Basi ngano imelaumiwa kwa mengi yasiyo yake. Kando ya chapati mbili paliwekwa dengu, bamia, kachumbari na mtindi. Nyuzinyuzi za dengu na za unga huo huichelewesha sukari kuingia katika damu. (Hatusemi Wahindi wamesalimika, jalebi na ladu wanazo, na kisukari kwao ni kingi.)

Dawa zilipokwisha kurekebishwa, Mama watoto alianza kula chapati moja ya atta, pojo, ambazo huku huitwa ndengu, na sukuma wiki ya shambani. Theluthi ya tumbo aliyoiusia Mtume (S.A.W.) kwa ajili ya pumzi ameiacha wazi. Kwa miezi saba amepungua kilo 5. Sisi tumepungua 2. Biriani ya harusi bado hatujaiweza.