Goma: akiba ambayo banki haiwezi kufunga

Mwisho wa Januari 2025 banki za Goma zilifunga milango. Mtu aliyekuwa na dola elfu moja kwenye konti akajikuta sawa na yule asiye na hata franka moja mfukoni. Pesa yake haikuibiwa wala haikuungua. Ilikuwepo, ila mwenye ufunguo alikuwa ameondoka. Siku hizo umeme ulikatika, maji ya bomba yakakauka, na watu wa ofisi walionekana wakishuka ziwani na bidoni za njano pamoja na wengine wote.

Wazee wa mji hawakushangaa sana. Wanakumbuka Desemba 1979, wakati serikali ya Mobutu ilipoondoa noti za zaire 5 na zaire 10. Raia walipewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichopimwa. Waliokuwa wameficha pesa ndani ya godoro waliamka na makaratasi. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, nayo ikaporomoka vilevile. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franka ya Kongo, franka moja kwa zaire mpya elfu 100. Ndiyo sababu wengi walikimbilia dola. Lakini hata dola ina mashaka yake: noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha, kambisti anakurudishia.

Kwa hiyo swali la kila nyumba mjini hapa si kama mtu anapaswa kuweka akiba. Swali ni akiba ya namna gani, na nani anashika ufunguo wake.

Katika mtaa wa Katoyi anaishi mama mmoja, muuzaji wa unga wa muhogo, ambaye amejibu swali hilo kwa kuanguka na kuinuka. Volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilimchukulia nyumba aliyokuwa akipanga pamoja na magunia yake yote. Mei 2021 mlima ulipolipuka tena na wakaaji wakaambiwa waondoke, alitembea kwa miguu hadi Sake, mtoto wa mwisho mgongoni. Si tajiri. Hana kiwanja wala ng'ombe. Hata hivyo majirani wanamwendea kuuliza amefanyaje, na yeye anawajibu bila kuficha.

Jambo la kwanza, anasema, ni kutoka ndani ya kadogo. Kila mtu anajua kadogo: mafuta ya mawese kwenye kifuko, sukari ya kufunga kwenye plastiki, makala ya fungu moja. Inasaidia siku ambayo mfuko ni mwepesi, lakini ukihesabu mwezi mzima, maskini analipa kilo moja kwa bei kubwa kuliko tajiri anayenunua gunia. Hakuna anayeweza kuacha kadogo kwa vitu vyote siku moja. Mama huyu alianza na chumvi, kisha sabuni, kisha maharagi. Kila wiki ya soko alitenga kopo moja tu. Ilimchukua miezi mingi kujaza bidoni ya kwanza ya lita 20.

Maharagi yake hayaingii ndani ya bidoni kabla ya kuanikwa juani hadi yakauke kabisa na kuchambuliwa moja moja. Anajaza hadi shingoni, anatikisa, anaongeza, halafu anafunga kifuniko kwa nguvu. Wadudu wanaotoboa maharagi wanahitaji hewa kama sisi. Wakikosa, wanakufa humo ndani. Bidoni iliyojaa nusu ina hewa ya kutosha kuwalisha wadudu wiki nyingi. Kila moja ameiandikia mwezi kwa mkaa, na ya zamani ndiyo inayoliwa kwanza.

Makala ni mzigo mwingine. Anapika kwa mbabula iliyopakwa udongo ndani, inayoshika moto muda mrefu. Maharagi yanalala ndani ya maji usiku kucha kabla ya kuwekwa jikoni, na hilo peke yake limepunguza makala anayochoma. Maji ya mvua anayakinga, lakini kwa kufua na kumwagilia, maana moshi wa Nyiragongo huyachafua yakiwa bado angani. Maji ya kunywa, hata yakitoka bombani, anayachemsha au anayatia klorini.

Udongo wa Goma ni jiwe la volkano. Hata hivyo nyuma ya nyumba yake kuna magunia sita ya zamani yaliyojazwa udongo na mavi ya mbuzi, katikati kukiwa na nguzo ya mawe madogo ya kupitisha maji. Juu na ubavuni yamepandwa lengalenga na vitunguu. Lengalenga inachumwa baada ya wiki tatu au nne. Haitoshi kulisha familia, yeye mwenyewe anakubali. Inatosha tu kuokoa franka za mboga, na franka hizo ndizo zinazonunua chumvi.

Hadi hapo mambo yanaonekana rahisi. Ugumu ulikuja Februari 2024, vita vilipofika Sake na njia ya kwenda Minova ikakatika. Vyakula vilivyokuwa vikipita barabarani vikaanza kupita ziwani, na bei ikapanda. Mama alikuwa na maharagi ya miezi miwili kwa watu watano. Kijana wake mkubwa akaona nafasi.

"Mama, tuuzishe sasa. Bei ikishuka tutanunua mengine."

"Mtoto wangu, na kama haishuki, tutakula hizo franka?"

Walibishana siku mbili. Kijana hakuwa mjinga: pesa ya shule ilikuwa inadaiwa, na wadogo wake walikuwa wamefukuzwa darasani. Mwishowe waliuza bidoni moja, wakalipa shule, nyingine zikabaki. Lakini wiki hiyohiyo mke wa ndugu yake alifika kutoka Sake na watoto sita. Hakuna aliyemwuliza atakaa siku ngapi. Maharagi ya miezi miwili hayakumaliza mwezi mmoja.

Hapo ndipo mama alipobadilisha hesabu yake. Zamani alihesabu wale wanaolala kwake. Sasa anahesabu wale watakaokuja. Katika Kivu, nyumba inayojiandaa kwa ajili yake peke yake imejidanganya, kwa sababu siku ya shida mlango haufungwi kwa ndugu, na sufuria ni ileile. Wako majirani waliomwambia kwamba kuweka chakula ni kuvuta wezi na wageni. Kuhusu wezi anakubali, ndiyo maana hatangazi alichonacho. Kuhusu wageni, anasema watakuja hata kama hakuna chakula, na aibu itakuwa kubwa zaidi.

Tena wageni hawakuja na midomo tu. Shemeji yake amelima tangu utoto. Ndiye aliyeonyesha jinsi ya kupanga mawe ndani ya gunia na jinsi ya kuchagua mbegu kwenye mmea wenye nguvu. Magunia yalikuwa mawili; yakawa sita kwa mikono yake.

Nguzo nyingine ni kikundi. Mama ni mmoja wa wanawake wa AVEC ya mtaani, wanaoweka akiba kila wiki na kukopeshana. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanawake watatu wa nyumba tofauti. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, wala wawili kwa siri. Mji ulipobadilika mikono mwaka 2025, sanduku lilikuwa karibu tupu, na hilo ndilo lililowaokoa. Pesa ilikuwa imegeuka sambaza, unga na sabuni mikononi mwa wanachama. Noti zilipokuwa adimu, walikubaliana kwamba deni linaweza kulipwa kwa unga au maharagi, wakaandika kila kitu katika kitabu. Walioshindwa kabisa walipewa muda. Wawili walikimbia mji na hawajarudi. Majina yao bado yamo kitabuni, na hakuna anayewatukana.

Karibu na mlango wake unaning'inia mfuko mmoja. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ripoti za shule, kadi ya uchaguzi, namba za simu za ndugu zilizoandikwa kwenye karatasi kwa sababu simu inazimika, na vifuko vidogo vya mbegu. Anajua kwamba magunia na bidoni haviwezi kukimbia. Ndiyo sababu pia amewafundisha binti zake kutengeneza sabuni, na kijana amejifunza kushona viatu. Ufundi haupekuliwi njiani.

Kuna hatari katika kusifu maisha ya namna hii. Wakongomani wamezoea kutaja kwa utani "Kifungu cha 15", kile cha kujitafutia, ambacho kilianzia Kasai ya Kusini wakati wa uhuru. Utani huo umewafaa sana wakubwa. Raia akijitegemea kwa kila kitu, nani atauliza barabara iko wapi, au kwa nini mwalimu analipwa na wazazi? Mama wa Katoyi anaweza kukausha maharagi. Hawezi kufungua njia ya Minova, wala uwanja wa ndege, wala banki. Mavuno ya magunia sita hayapaswi kuwa kisingizio cha mtu yeyote aliyeapa kuwahudumia raia.

Lakini kungoja wakubwa waelewane, watoto wakiwa na njaa, nako si jibu. Kwa mwenye franka elfu moja tu wiki hii, ushauri wake ni mfupi: nunua chumvi au sabuni ya ziada, tafuta gunia la zamani, omba mbegu za lengalenga kwa jirani, andika namba za ndugu zako kwenye karatasi. Wiki ijayo ongeza kitu kimoja. Na kama mtaani kwako kuna wanawake wenye kuweka akiba, nenda ukae nao, hata kama unaanza na kidogo.

Kwake mwenyewe bidoni zinajaa na kupungua kulingana na miezi. Moja tu haiguswi, ile ndogo ya pembeni yenye maharagi ya mbegu. Shemeji amepata mtu wa kumkodishia kipande cha shamba, na wanangoja mvua za Septemba. Watoto wamekatazwa kuipika hiyo, hata siku mgeni akija.