Paa la Kariakoo Katika Somo la Sanaa

Kila niwatembeleapo walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, hapa Mabibo na kwingineko jijini, hukuta andalio la somo la sanaa ni lile lile: chungu, nanasi, bendera. Mwalimu huchora ubaoni, watoto hunakili. Ukiwauliza ni nani aliyebuni majengo makubwa ya mji wao, hujibu kwa pamoja, "Wazungu!" Siku hizi huongeza Wachina. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Soko Kuu la Kariakoo lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli (1938–2016). Alisomea usanifu majengo Haifa, Israeli, akarejea nchini, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe, jambo lililokuwa geni kwa Mwafrika nyakati zile. Soko lilikamilika katikati ya miaka ya 1970. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, likafungwa kwa matengenezo. Magazeti yaliandika mengi, lakini msanifu hakutajwa sana.

Ndugu mwanachuo, litazame paa lile. Ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa juu chini, kila mmoja ukisimama kama mti juu ya nguzo yake. Chini yake mna kivuli, na upepo hupita. Mvua inyeshapo, maji hukusanywa na miavuli hiyo na kuteremshwa hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Uzuri wake na kazi yake havitengani.

Mtoto wa Mabibo, ambaye mama yake hutega ndoo kwenye mchirizi wa bati wingu litandapo, atalielewa paa hilo upesi kuliko wasomi wengi. Anzia hapo. Wakunje karatasi ngumu kwa umbo la mwavuli uliopinduliwa, watoboe kitovu, wamimine kikombe cha maji, waone yanakokwenda. Ndipo wachore. Mistari itapinda, iacheni ipinde. Nauli ya kuwapeleka sokoni ikikosekana, picha moja kubwa yatosha.

Baada ya Amuli yuko Sam Ntiro (1923–1993), mchoraji wa Machame. Mchoro wake wa mwaka 1956, wa wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, umo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa, New York. Watoto watauliza arusi ilikuwa ya nani. Msiwajibu, wapeni karatasi waichore.